Tulipokuwa Matajiri kwa Siku Nne

Mwezi wa Januari mwaka 2024 sisi wafanyakazi saba, wanne wa Busia upande wa Kenya na watatu wa Tororo upande wa Uganda, tulibeba mashanta mgongoni tukapanda Mlima Elgon na kulala huko siku tatu ndani ya mahema. Hatukutumwa na tajiri, wala hatukwenda semina. Tulikwenda likizo.

Neno hilo ndilo lililotuletea vicheko. Pale stendi ya Busia kijana mmoja wa kuita abiria alitutazama, akalitazama hema lililofungwa juu ya shanta, akauliza kama tumefukuzwa nyumba. Mkata miwa wetu, ambaye ni mzee kuliko sote, akamjibu kwamba tunakwenda kulala kwenye baridi kwa hiari yetu, tena tumelipia. Yule kijana akawaita wenzake waje watuone.

Safari hii ilizaliwa katika mkutano wa tawi mwaka 2023. Siku hiyo tuliuliza ni nani kati ya waliohudhuria aliyetoka likizo mwaka uliotangulia. Mikono iliyoinuka ilikuwa michache. Wengine wote walikuwa wameuza siku zao. Wasomaji wanajua mambo yanavyokwenda: karani anakuita, anasema kazi ni nyingi, chukua pesa uendelee na kazi, nawe unachukua kwa sababu karo ya shule haingoji. Hatumcheki mtu. Sisi wenyewe tulipokuwa kiwandani tuliuza likizo miaka minne mfululizo, na leo hatukumbuki pesa zile zilinunua nini.

Lakini sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku za kazi zisizopungua 21 zenye mshahara kamili baada ya kila miezi 12. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inahesabu kwa njia nyingine, siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, na ukijumlisha unapata zile zile 21. Juu ya hizo kuna Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, ambao Kenya iliuridhia. Mkataba huo unasema kwamba mapatano ya kuacha likizo ya chini kabisa kwa kulipwa pesa ni batili, au yapigwe marufuku. Maana yake ni kwamba walioandika mkataba walijua kabisa tutashawishika kuuza.

Wenzetu wa Tororo, ambao hucheza nasi mpira Mei Mosi, ndio waliotaja mlima. Mmoja wao anafanya kazi kwenye tanuri la simenti. Alisema: "Asubuhi anga ikiwa safi ninauona ule mlima nikitoka zamu ya usiku. Wageni wanapanda ndege kuja kuupanda, na mimi niliyezaliwa chini yake sijui juu kuna nini." Basi tukaanza kuweka akiba kidogo kidogo kila mwezi. Makoti tulinunua mitumba, na tunawaambia wenzetu kwamba makoti ya baridi kwenye mitumba ya Busia ni rahisi, maana nani anayataka kwa joto lile? Mahema matatu na mifuko ya kulalia saba tulikodi Mbale.

MPAKANI MPAKA TORORO

Tulivuka Busia kwa vitambulisho tu. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kupita hivyo bila pasipoti, na tangu mwaka 2018, ulipofunguliwa rasmi mpaka wa pamoja, unasimama katika jengo moja badala ya kugongewa mihuri mara mbili. Kwa mtu asiyejua Busia tueleze kidogo: huu ndio mji uliozaa neno boda boda. Zamani waendesha baisikeli waliweka kiti chenye mto nyuma, wakaita abiria wawavushe kutoka boda hii hadi boda ile, maana kati ya vituo viwili palikuwa na mwendo na watu walikuwa na mizigo. Leo ni pikipiki, na neno limeenea Afrika Mashariki yote. Kazi ya kubeba mzigo wa mwingine tunaifahamu hapa. Tafadhali msomaji uliweke jambo hilo akilini, kwani mbele tutaona jinsi tulivyolisahau.

Tororo tulilala usiku mmoja, na asubuhi tukajipima nguvu kwa kupanda Jiwe la Tororo. Jiwe hilo limesimama peke yake katikati ya mji, na kilele chake kiko mita 1,483 juu ya bahari. Ni mabaki ya volkano ya kale, na sehemu zilizo kali zimewekewa ngazi. Juu unaona viwanda vya simenti kwa chini, reli, barabara ya Malaba yenye foleni ya malori, na Kenya yenyewe. Dereva wetu wa trekta alipumua kwa shida akasema kama hili ni jiwe, basi mlima ni kitu gani. Hakuna aliyemjibu.

Kutoka Tororo tulipanda matatu mpaka Mbale, kisha gari jingine mpaka Budadiri, mahali ambapo njia ya Sasa inaanzia. Huko ni nchi ya Wagisu, watu wa kahawa, nao mlima wanauita Masaba. Wenzetu Waluhya wa Busia walishangaa kusalimiwa "Mulembe" kama wako nyumbani.

KILO NGAPI?

Katika hifadhi hupandi peke yako, unaongozana na kiongozi wa njia na askari wa wanyamapori. Wapagazi ni hiari yako. Sisi tuliona tunahitaji watatu, kwa sababu tulikuwa na mahema, sufuria, unga, mafuta ya taa, stovu mbili, na kilo nane za maharage ambazo mama karani wa ghala alisema ndizo zitatuokoa. Kuni hairuhusiwi kukata ovyo huko.

Hapa ndipo tunapotaka kusema ukweli wote, hata kama unatuaibisha.

Wale vijana watatu walitaja bei yao ya siku. Sisi, viongozi na wanachama wa chama cha wafanyakazi, watu tunaokaa mezani na mwajiri usiku kucha kutetea nyongeza ya shilingi kumi, tuliipunguza. Tulisema wako vijana wengi pale wanaotafuta kazi. Tulisema tukiridhika tutawapa bahashishi mwisho wa safari. Tulisema sisi si Wazungu, ni maskini kama wao. Maneno haya yote tumewahi kuyasikia, na tunajua ni nani huyasema. Bei ikashuka shilingi elfu tano za Uganda kwa kila mtu kwa siku, tukapeana mikono, na tukafurahi kama watu walioshinda.

Kiongozi wa njia akauliza: "Mizigo mmepima?" Tukasema ndiyo. Hatukuwa tumepima. Mwenzetu wa Tororo ambaye kazi yake ni kupakia mifuko ya simenti aliinua gunia moja kwa mkono akasema, "Hii haifiki thelathini. Mimi mfuko wa hamsini nauweka begani kutwa nzima." Kweli, anaubeba. Lakini anaubeba hatua ishirini kutoka kwenye mkanda hadi kwenye lori, si kutoka Budadiri hadi mita 3,500. Kilimanjaro, ambako wapagazi wamepigania jambo hili miaka mingi, mzigo wa mgeni kwa mpagazi mmoja haupaswi kuzidi kilo 20, na kuna mizani langoni. Tulikuwa tunalijua hilo. Liliwahi kusomwa katika masomo ya chama.

Na mavazi ya wale vijana hatukuyatazama. Mmoja wao, mdogo kuliko wenzake, alivaa shati jepesi na sandali za plastiki, na koti lake lilikuwa gunia la nailoni alilolikata shingo na mikono.

KUPANDA

Siku ya kwanza ni ndefu. Unapita migomba na kahawa, kisha jabali linalopandwa kwa ngazi, kisha msitu, kisha mianzi iliyosongamana mpaka mchana unakuwa kama jioni. Wenyeji hula machipukizi ya mianzi hiyo, wanayaita malewa, yakikaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga. Tulikula Budadiri na tunayasifu. Kambi ya Mto Sasa iko mita 2,900 hivi. Tulifika miguu imekwisha, tukapiga mahema kwa kubishana, maana kila mtu alikuwa fundi.

Hapo tuliwakuta wageni wawili, Wajerumani, nao na mashanta yao. Mwanamume ni dereva wa basi la mji na mwanamke ni muuguzi. Tulidhani ni matajiri. Yule dereva alipojua sisi ni watu wa chama aliruka akatupa mkono, akasema naye ni mwanachama. Mama karani akawa mkalimani wetu. Swali la kwanza tulilomwuliza lilikuwa hili: likizo yako ni siku ngapi? Akasema sheria yao ya mwaka 1963 inatoa siku 24 za kazi kwa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki, ingawa mapatano ya chama chake yanampa zaidi. Tukatazamana. Sheria yao inazidi yetu siku tatu tu. Mkata miwa akauliza, "Na ukiuza, wanakulipaje?" Dereva hakuelewa swali. Likatafsiriwa tena, bado hakuelewa. Alidhani tunazungumza juu ya kuuza basi.

Alitueleza kwamba babu yake alikuwa katika chama kimoja cha wafanyakazi wapenda milima, Naturfreunde, kilichoanzishwa Vienna mwaka 1895. Wafanyakazi wale walichanga pesa na kujenga vibanda milimani kwa mikono yao, ili mtu wa kiwandani apate pa kulala kwa bei anayoiweza. Nasi tukamsimulia habari za wafanyakazi wa Manchester, Uingereza, ambao tarehe 24 Aprili 1932 waliingia kwa mamia katika mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya mabwana wa kuwinda ndege. Watano kati yao walifungwa jela. Kumbe mlima haukuwa wa Wazungu wote hata huko kwao.

Mkata miwa akasema na yeye ana habari zake za mlima. Baba yake alipanda Elgon mara nyingi mwaka 1976 na 1977, tena usiku. Baridi kali ilikuwa imeharibu mikahawa ya Brazil mwezi wa Julai 1975, na bei ya kahawa ikaruka duniani kote. Upande wa Uganda, wakati wa Idi Amin, mkulima alipata bei duni, na upande wa Kenya pesa zilikuwa zikimwagika katika soko la Chepkube. Basi watu walivusha kahawa kwa migongo yao kupitia njia za mlima, wakilala mapangoni mchana na kutembea gizani. Mzee akasema, "Mtalii wa shanta wa kwanza niliyemjua ni baba yangu. Shanta yake ilikuwa gunia, na askari walimfukuza kwa risasi." Mpagazi mmoja aliyekuwa akiota moto karibu akacheka, akasema na babu yake vilevile, ila babu yake alikuwa mbebaji tu, mwenye kahawa alikuwa amelala nyumbani.

MAHARAGE NA MVUA

Siku ya pili tulipanda kwenda pango la Mude, mita 3,500 hivi. Msitu uliisha, tukaingia katika majani makavu na mimea mirefu ya ajabu iliyosimama kama watu waliovaa makoti. Saa nane mchana mvua ikatukamata. Januari ni kiangazi, lakini mlima hauna kalenda.

Tueleze hesabu moja ambayo tulijifunza kwa taabu. Ukipanda mita 1,000 joto hupungua karibu nyuzi 6. Kutoka Busia mpaka pale tulipopiga kambi ni zaidi ya mita 2,000. Kwa hiyo mchana wenye nyuzi 28 nyumbani, pale ni nyuzi 14 au chini, na hiyo ni bila mvua, bila upepo, na kabla ya usiku. Na nguo ya pamba ikilowa haikulindi tena, bora hata gazeti.

Tulifika pangoni tumelowa. Tukawasha stovu, tukaweka maharage. Saa moja ikapita, saa mbili, saa tatu. Yalikuwa yakichemka kwa kelele na bado ukiyatafuna ni kama kokoto. Fundi umeme wetu ndiye aliyetueleza: juu kule maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwenye nyuzi 88 hivi, na ukiongeza mwali ni kupoteza mafuta tu. Tukamwuliza kwa nini hakusema Busia. Akasema hakuna aliyemwuliza. Tukala ugali mbichi mbichi kwa omena.

Katika shughuli hiyo ya maharage hakuna aliyemhesabu mpagazi wa tatu.

Wenzake wawili walikuwa wamefika. Yeye alifika giza likiingia, anatembea kama mtu anayetafuta njia kwa miguu. Alitua mzigo, akakaa juu ya jiwe, na tulipomsemesha akajibu maneno mazito yasiyokamilika. Dereva wa trekta akasema kwa sauti, "Huyu amekunywa waragi njiani." Nasi tukakubali mara moja. Mmoja wetu akaanza kusema kwamba siku hiyo akatwe nusu.

Tunaandika haya kama yalivyotokea. Mtu aliyebeba chakula chetu katika mvua, na neno la kwanza tulilompa ni ulevi, na la pili ni kukatwa.

Yule muuguzi Mjerumani, ambaye kambi yake ilikuwa hatua chache kutoka kwetu, alikuja na tochi. Hakunusa pombe. Alimshika mikono, akamtazama midomo, akauliza: alikuwa akitetemeka? Wenzake wakasema alitetemeka sana njiani, kisha akaacha. Mama alituambia baadaye kwamba kule kuacha ndiko kulikomtisha muuguzi, kwa maana mwili unaotetemeka bado unapigana na baridi, na ukiacha kutetemeka kabla haujapata joto umeshindwa. Dereva wa trekta, ambaye sasa alikuwa akitetemeka yeye mwenyewe kwa hofu, akatoa chupa yake ndogo ya waragi amwagie kinywani. Muuguzi akaisukuma mbali. Pombe inafungua mishipa ya ngozi na kutoa nje hata joto lililobaki ndani.

Alituamuru tufanye mambo kwa utaratibu. Nguo zote zilizolowa zivuliwe. Akaushwe taratibu, asisuguliwe kwa nguvu. Mfuko wa kulalia uliokavu, na chini yake mablanketi, kwa kuwa ardhi inanyonya joto kuliko hewa. Kofia kichwani. Watu wawili wenye joto walale naye, huku na huku. Chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo, alipoweza kumeza mwenyewe. Mfuko wa kulalia uliokavu kuliko yote ulikuwa wa mkata miwa, akautoa bila kusema neno. Waliolala naye walikuwa mpagazi mwenzake upande mmoja, na upande wa pili yule mpakizi wa simenti aliyeinua gunia kwa mkono mmoja.

Sisi tulikaa macho na stovu, tukichemsha chai. Kiongozi wa njia alichukua ule mzigo uliotuliwa, akaupima kwa mizani ndogo ya ndoana aliyokuwa nayo mfukoni siku zote hizo. Kilo 31, ukihesabu na maji ya mvua. Hakutukemea. Aliirudisha mizani mfukoni akaenda kulala, na ingekuwa afadhali angetukemea.

Saa saba za usiku kijana alianza kutetemeka tena. Muuguzi alicheka kwa furaha, nasi tukacheka bila kujua kama inafaa. Alfajiri aliomba chakula. Neno lake la kwanza refu lilikuwa kuuliza kama mzigo umelowa.

KUSHUKA

Asubuhi kulikuwa kweupe, na barafu nyembamba juu ya mahema. Tulikutana. Kwa kawaida yetu tulitaka kupiga kura, lakini kiongozi alisema hakuna cha kura: kijana anashuka, na hashuki peke yake. Wanne wakaendelea na askari kwenda kileleni. Sisi tulishuka na kijana na kiongozi, pamoja na mpakizi wa simenti na mkata miwa. Mzigo wa kijana ulibebwa na mpakizi, nusu yake, na nusu nyingine tukagawana. Mpakizi hakusema lolote mpaka kwenye mianzi, ambapo aliteleza akakaa kitako, akasema tu, "Hamsini ya kiwandani ni nyepesi."

Kwa hiyo wasomaji wanaotaka habari za Wagagai, kilele cha mita 4,321, waulize wale wanne. Sisi hatukufika. Wanasema ukisimama pale unaona bonde kubwa la volkano, upana wake kilomita 8 hivi, ambalo ndani yake Mto Suam unaanza, na kwamba mpaka wa Kenya na Uganda unapita humo bila ua wala mlinzi. Mama karani alipiga picha nyingi. Ametutumia zote, na katika kila moja anacheka.

Njiani kushuka tulizungumza na yule kijana kuliko siku mbili zilizotangulia. Msimu wa kahawa anachuma na kubeba kahawa ya watu. Msimu wa wageni anabeba mashanta. Viatu alikuwa navyo, vilichanika mwezi wa Novemba, na alikuwa ametegemea kununua vingine kwa kazi yetu, ndiyo maana alikubali ile bei. Kisha akauliza, akimgeukia mkata miwa kwa heshima, "Mzee, nimesikia ninyi ni watu wa chama. Chama chenu kinaandika watu kama sisi?"

Mkata miwa alitutazama sisi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Katiba yetu inataja wafanyakazi wa mashamba na viwanda walioajiriwa, na inataja Kenya. Mpagazi hana mwajiri mmoja. Leo tajiri wake ni Mjerumani, kesho ni mwanafunzi wa Kampala, juzi alikuwa sisi. Anaajiriwa kwa siku nne na kufukuzwa bila notisi kila Ijumaa. Tulimweleza hivyo. Akasema, "Kwa hiyo hapana." Tukasema kwamba Kilimanjaro wapagazi wamejiunga pamoja wenyewe. Akauliza walianzaje. Tulimweleza tulichokijua, nacho hakikutosha hata kwa nusu saa ya njia.

Tulipofika Budadiri tulikaa wote saba, wale wanne walipokwisha rudi siku ya nne, tukafanya hesabu. Kila mpagazi alilipwa bei aliyoitaja mwanzo kabla hatujaipunguza, kwa siku zote nne. Kijana aliyeugua alilipwa siku zote nne pia, kama tunavyodai sisi kwa mtu aliyeumia kazini. Dereva wa trekta alivua buti zake akampa, akarudi Busia na kandambili. Alimwomba radhi kwa lile neno la waragi mbele yetu sote. Kijana alisema si kitu, amezoea. Jibu hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Katika mkutano wa tawi uliofuata tuliomba jambo la wapagazi liandikwe katika ajenda, na wenzetu wa Tororo wamefanya hivyo kwao. Wanachama wengine walisema tunatafuta kazi isiyo yetu. Mjadala haujaisha. Wakati huo huo orodha ya safari ijayo iko wazi kwa karani wa ghala, na masharti yameongezeka: hakuna mzigo utakaotoka Budadiri bila kupitishwa mizanini, na mpagazi asiye na koti na viatu tunamtafutia kwenye mitumba kabla ya kupanda, kwa mfuko wa safari. Anayetaka kwenda aonyeshe pia karatasi ya likizo. Aliyeuza siku zake haandikwi.

Na maharage? Yalishuka mlima kama yalivyopanda, yamelowa na kuvimba. Mama yake yule kijana aliyapokea Budadiri, akayaweka jikoni kwake kwa kuni, na kabla jua halijazama yakaiva. Tulikula pamoja, sahani kumi na zaidi, na mengine yakabaki.